Faraja Humtaja Mwenye Dhiki

Alizeti ikishavunwa, hapa Ulemo, wilayani Iramba, kuna mlio mmoja mchana kutwa: fimbo zinapiga vichwa vilivyokauka juu ya turubai. Siku hiyo nilikuwa nimeegemea ukuta wa nyumba, kando ya turubai moja, nasoma *Utubora Mkulima* cha Shaaban Robert. Bibi mwenye alizeti akaniuliza kitabu kinasema nini. Nikamweleza: kuna mtu ameacha kazi ya mshahara mjini, akaenda kulima Busutamu, na huko ameupata utulivu wa moyo. Bibi akapepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaenda na upepo.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyo mkulima wako, mvua ilimkatikia mwezi gani?"

Sikuwa na jibu. Katika nchi hii ya Iramba mvua ina msimu mmoja tu. Ikikatika mapema, mtama na uwele vikaungua, hakuna vuli ya kungojea. Jembe la Utubora limebeba maadili mengi kuliko udongo, na mimi nilikuwa nimelipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Nilikuja huku na vitabu vitatu, vyote vya kuliwaza. Vitabu vya namna hii tunavisoma kwa raha na kuvisema kwa aibu. Msomaji akiulizwa anasoma nini, hutaja kile kizito kilicho juu ya meza na kukificha kile kilicho chini ya mto. Kwa nini maoni ya kweli juu ya kitabu laini yatutie haya, hali maoni juu ya kitabu kigumu twayatangaza?

Wahenga walisema, baada ya dhiki faraja. Watu wengi wanaishika ile ahadi na kuupita mpangilio wa maneno: dhiki imetangulia. Asiye na dhiki unaweza kumstarehesha, lakini huwezi kumfariji. Basi ninaposema kitabu fulani kimenifariji, nimeshasema pia kwamba palikuwa na mahali panauma. Nadhani aibu yetu inatoka hapo. Kusifu kitabu kigumu ni kuonyesha akili yako; kusifu kitabu cha faraja ni kuonyesha kidonda chako.

Nikaanza kuvipima vyangu upya. *Utubora Mkulima* kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Dhiki inayotibiwa na kitabu kile ni ya mtu wa mjini: siku zinazopita katika kuhesabu mali, na moyo usiojua mali hiyo inahesabiwa kwa ajili ya nini. Dhiki ya bibi ni mawingu. Kitabu hakikumdanganya, kwa kuwa hakikuwa kikizungumza naye. Kilikuwa kikizungumza nami, niliyetoka mjini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shaaban Robert aliwajua kunguni wa kitanda changu.

Cha pili kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Humo mtu ameuawa, nami nilikisoma huku nakunywa chai bila kusikitika hata kidogo. Hilo ni kosa la kitabu, na langu pia: marehemu amegeuzwa kitendawili. Lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anakataa kuuachia mzimu kazi iliyofanywa na binadamu, na mwishowe kila swali linapata jibu. Kama hilo lanifariji, ni kwa sababu nimeishi na maswali mengi yaliyofungwa bila majibu.

Cha tatu ni hekaya za Abunuwasi. Aliyewahi kukalishwa benchi la ofisi tangu asubuhi, kisha akaambiwa arudi kesho, hahitaji kuelezwa kwa nini mnyonge akimshinda mfalme kwa ulimi tunacheka mpaka machozi.

Kuna watakaosema fasihi ya kweli huumiza, watoe mfano wa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni. Ni kitabu kikubwa, sibishi. Lakini nawajua wasomaji waliomlilia Rosa, wakafumba kitabu, wakalala usingizi mzuri kuliko mimi na Bwana Msa wangu. Uchungu wa mtu mwingine nao unaweza kuwa mto wa kulalia. Ulaini au ugumu wa kitabu haunitoshi kuwa kipimo. Nauliza kinamjibu nani, na je, mimi nathubutu kusema kwamba ndiye mimi?

Jua lilipoelekea kuzama nilimsaidia bibi kujaza magunia. Nikamuuliza, kama ningemtafutia kitabu cha kumliwaza, angetaka kiwe na hadithi gani. Hakufikiri sana.

"Ya mtu aliyeuza alizeti kwa bei aliyoipanga mwenyewe."

Kitabu hicho sijakikuta dukani. Anayeweza kukiandika na akiandike, na asisahau kutaja mwezi mvua ilipokatika.