Pikipiki Iliyoletwa Nyumbani Mara Mbili



Hapa kwetu Bukima hakuna kitu kinachokusanya watoto upesi kama gari lililosimama uani kwa mtu likiwa na kasha kubwa nyuma. Siku moja gari hilo lilisimama kwetu. Sisi tu watu watano wa mtaa mmoja: wazee wa kanisa wawili, mwalimu, mvuvi, na mama mjane anayeuza dagaa. Tulikuwa tumechanga shilingi 600,000 kila mmoja ili tununue pikipiki mpya. Jumla ilikuwa shilingi 3,000,000, pamoja na gharama za kuisafirisha.

Pikipiki ile ilinunuliwa Dar es Salaam. Muuzaji hatukupata kumwona kwa macho. Tuliona picha katika simu, tukasikia sauti yake, tukatuma fedha kwa simu hiyo hiyo. Kisha tukangoja. Mzigo ukapita Dodoma, Singida na Mwanza, ukafika Musoma mjini, na kutoka Musoma ukaletwa kwa barabara yetu ya vumbi ya Majita mpaka mlangoni. Fundi akaja, akafunga magurudumu na usukani, akatia betri, akalinganisha namba za injini na za fremu na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zote zilikuwa sawa. Akina mama wakapiga vigelegele. Tukamwomba mchungaji aje aiombee, naye akaja.

Walio na umri miongoni mwetu walisimama kimya kidogo, na tulijua sababu. Wanaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera, tangu 1979 hadi 1984, ambapo sabuni, nguo, hata tairi la baiskeli lilipatikana kwa foleni na kwa mgao wa duka la kijiji. Siku zile mwinjilisti mwenye baiskeli alikuwa mtu wa heri, na pikipiki ilikuwa chombo cha serikali au cha misheni. Tena hata pikipiki zilipokuwa nyingi, sheria ilikawia kuzifuata. Ni kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kupewa leseni ya kubeba abiria kwa malipo. Kabla ya hapo vijana wengi walikuwa wakifanya kazi hiyo kwa kujificha. Jina lenyewe la bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Basi, twamshukuru Mungu kwamba leo mtu wa kijijini aweza kuagiza chombo kipya na kuletewa mpaka nyumbani. Lakini makala haya hatuyaandiki kwa ajili ya kusifu. Twaandika kwa sababu pikipiki ile ililetwa nyumbani kwetu mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na vigelegele.

Tuliitoa kwa mkataba kwa kijana wa jirani. Wasomaji wengi wanaujua mkataba wa namna hii. Kijana huendesha, huleta kiasi fulani kila siku, na muda ukitimia pikipiki inakuwa yake. Wetu ulikuwa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa juma, Jumapili apumzike yeye na chombo. Muda ulikuwa majuma 78, yaani mwaka mmoja na nusu. Ukizidisha utaona kwamba angeleta jumla ya shilingi 4,680,000. Matengenezo yote yalikuwa juu yake. Tena tuliandika kwamba akishindwa kuleta hesabu kwa majuma mawili mfululizo, pikipiki itarudi kwa wenyewe, wala hatadai kitu.

Kijana alitia sahihi. Mama yake akaweka dole gumba kama mdhamini.

Alikuwa mwaminifu. Alileta hesabu majuma 60 bila kukosa, wakati wa mvua na wakati wa jua. Alibeba wagonjwa, akabeba samaki, akabeba watoto wa shule. Fedha aliyokwisha kutukabidhi ilifika shilingi 3,600,000. Yaani bei yote ya pikipiki ilikuwa imerudi mikononi mwetu, na shilingi 600,000 juu yake. Yalibaki majuma 18.

Katika juma lile la 60 alimwambia mmoja wetu kwamba breki ya nyuma imekwisha, naye hana fedha ya kununua mpya kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Aliomba hesabu ya siku mbili tu imsaidie. Mwenzetu akamjibu kwamba matengenezo ni yake kwa mujibu wa mkataba, avumilie mpaka mwisho wa mwezi. Siku ya tatu aliteremka mlima, breki haikushika, akaanguka. Abiria wake alipata michubuko. Yeye akavunjika mguu. Bima yetu ilikuwa ile ya mtu wa tatu, ambayo haimlipi dereva mwenyewe.

Majuma mawili yalipita akiwa kitandani, na mkataba ukafanya kazi yake. Pikipiki ililetwa kwetu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, imepinda usukani. Watoto walikuja kama mara ya kwanza, lakini hawakucheka.

Jioni ile tulikutana, sisi watano, na swali likawa moja: hii pikipiki ni ya nani?

Mwalimu alisema ni yetu. Alisema mkataba ni neno la mtu, na jamii isiyoshika neno haiwezi hata kukopeshana debe la mahindi. Alitukumbusha Zaburi ya 15, inayomsifu mtu ambaye akiapa hageuki, hata ikiwa kiapo kinamletea hasara. Tena alisema, tukimwachia huyu, kijana mwingine ataanguka kwa makusudi. Hatukuweza kumcheka, maana alisema kweli. Sisi sote tumewahi kudhulumiwa na mtu tuliyemhurumia.

Mvuvi alisema ni ya kijana. Aliuliza: ikiwa bei imekwisha kurudi na faida juu yake, tumekosa nini? Na kama tukiiuza leo kwa shilingi milioni moja na nusu, tutakuwa tumepata kutokana na mguu wake uliovunjika. Hili nalo lilikuwa kweli.

Ndipo mama mjane akasema neno lililotunyamazisha. Alisema, "Ninyi mwaweza kusamehe. Mimi fedha yangu ilikuwa ya ada ya mjukuu. Mkisamehe, mnasamehe kwa mfuko wangu."

Ndugu msomaji, tuliona hapo jambo ambalo hatukulijua tulipokuwa tukiomba mbele ya kasha. Kuna huruma iliyo rahisi, nayo ni ile ya kutoa mali ya mwingine. Na kuna haki iliyo rahisi, nayo ni ile ya kushika karatasi. Zote mbili hazikumgharimu kitu yule aliyezitamka.

Tulirudi katika Maandiko, si kutafuta mstari wa kumshinda mwenzetu, bali kutafuta njia. Kwanza tuliitazama tena Zaburi ile ya mwalimu. Inamsifu mtu anayeshika kiapo kinachomwumiza yeye mwenyewe. Sisi tulikuwa tunashika kiapo kilichotunufaisha, nacho kilimwumiza mwingine. Hayo si mamoja.

Kisha tukasoma katika Kutoka 21 habari ya ng'ombe apigaye watu pembe. Watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa maana yake. Ng'ombe akimpiga mtu kwa ghafula, mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alionywa asimfunge, hatia ni yake. Tukaulizana: je, hatukuonywa? Breki iliyokwisha ni ng'ombe mwenye pembe, nasi tuliambiwa siku tatu kabla. Mkataba ulisema matengenezo ni ya kijana. Lakini ni sisi tuliochukua kila shilingi ambayo ingenunua breki, na tulipoombwa siku mbili tukakataa. Mtu hawezi kuchukua maziwa yote na kusema pembe si zake.

Tena Kumbukumbu la Torati 24 inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa kufanya hivyo ni kutwaa uhai wa mtu. Mwenye kukopesha aweza kuchukua kitu, lakini asichukue kile kinachompa mwenzake chakula cha leo. Kwa kijana wetu pikipiki ndiyo jiwe la kusagia.

Lakini fungu lililotugusa kuliko yote ni Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Huko wanaagizwa Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aiwekee ukingo juu, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Nyumba zao zilikuwa na paa la sakafu, watu wakikaa na kulala juu yake. Angalieni: sheria hii haingoji mtu aanguke. Inamjia mwenye nyumba siku ile ile ya furaha, nyumba ingali inanukia upya. Wala haimwulizi kama yeye ndiye atakayepanda juu. Yatosha kwamba nyumba ni yake, na kwamba wengine watapanda.

Sisi tulipoletewa pikipiki mpya hatukujenga ukingo. Tulinunua kofia ngumu moja, ya dereva. Ya abiria tukasema atanunua mwenyewe. Tuliandika mkataba wenye vifungu vya kukosa hesabu, lakini hapakuwa na kifungu cha ugonjwa. Tulimwombea Mungu akilinde chombo. Aendeshaye hatukumtaja kwa jina. Tena jambo hili latuaibisha zaidi: kwa mtu wa mbali, ambaye hatukujua hata uso wake, tulituma shilingi milioni tatu kwa kuamini picha. Kwa kijana tuliyemwona akibatizwa tulidai dole gumba la mama yake.

Basi tuliamua hivi. Ile fedha ya kuitengeneza pikipiki tuliitoa sisi watano, kwa sababu tulionywa. Majuma aliyolala kitandani hayakuhesabiwa. Ndugu yake mdogo, aliye na leseni, aliendesha kwa niaba yake, akileta shilingi 5,000 kwa siku badala ya 10,000, na nusu ikabaki kwa dawa na chakula cha nyumbani kwao. Deni lililobaki, shilingi 1,080,000, sehemu ya kila mmoja wetu ilikuwa shilingi 216,000. Tukaagiza kwamba zile za kwanza kuingia zote ziende kwa mama mjane mpaka sehemu yake itimie, nasi wanne tungoje. Mwalimu alikubali kungoja, ingawa alisema wazi kwamba bado anaogopa mfano tunaouweka. Hatukumlaumu. Hofu yake ni ya kweli, nasi twaibeba pamoja naye.

Je, tulifanya haki yote? Hatudai hivyo. Mguu wa kijana haukurudi kama ulivyokuwa; ukimwangalia akitembea utaona. Kuna wasemao kwamba tungemwachia deni lote, na kuna wasemao tulikuwa wapole mno. Sisi twajua tu kwamba uamuzi ule uligharimu kila aliyeutamka, na kwamba yule mdogo kuliko wote hakuombwa kulipia wema wa wengine.

Twawasihi ninyi mnaotaka kuagiza pikipiki, na tumesikia wengi mkipanga baada ya mavuno ya pamba. Jengeni ukingo siku ya kwanza. Nunueni kofia mbili. Katika mkataba andikeni habari za ugonjwa na habari za breki na tairi, nani atalipa na lini. Wekeni daftari, sahihi za pande zote mbili kila juma, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni pia siku ambayo kadi itabadilishwa jina, ili kijana asilipe hadi mwisho kisha akazungushwa. Ninyi vijana nanyi, msibebe mishikaki kwa kuharakisha hesabu. Abiria wa tatu hatakulipia mguu. Na mchungaji akiitwa kuombea chombo kipya, aendeshaye na asimame mbele naye ajulikane jina lake.

Kijana wetu alimaliza deni lake. Kadi ina jina lake sasa. Jumapili iliyopita alimleta mama yake kanisani, amemvalisha kofia ya pili, naye mama akashuka taratibu mlangoni na kumkabidhi mmoja wetu kofia ile amshikie wakati wa ibada.

Bwana atufundishe kuhesabu gharama kabla, na kuibeba pamoja baadaye. Amina.