Kurudi si Kazi ya Msafiri Peke Yake

Tukizungumzia safari ndefu ya kurudi kutoka ng'ambo, humtazama msafiri tu. Tunahesabu saa zake hewani, usiku aliolala kwenye viti vya uwanja wa ndege, miguu iliyovimba. Aliondoka yeye, anarudi yeye, na sisi wengine ni watazamaji. Mimi naona sivyo. Kuondoka, mtu anaweza kuondoka peke yake, hata usiku bila kuaga. Kurudi hawezi. Atajifikisha mpaka mlangoni, lakini kutoka hapo hadi ndani kuna kazi isiyo yake, na wenye nyumba wasipoifanya, safari haijaisha hata kama pasi imeshagongwa muhuri.

Tazama foleni ya ndege ya Dar es Salaam au Nairobi pale Muscat au Doha. Wengi ni kina dada waliomaliza mkataba wa kazi za ndani. Masanduku yamezungushiwa nailoni, juu yake kamba. Kwenye mizani karani anasema kilo zimezidi, basi sanduku linafunguliwa sakafuni mbele za watu. Niliwahi kusimama nyuma ya mmoja wao. Vitu vya kwanza kutolewa vilikuwa nguo zake mwenyewe. Alivaa koti juu ya koti, akaviacha viatu vyake vya kazini kando ya pipa la taka. Blanketi zito, maziwa ya unga, udi, viatu vya mtoto vya namba ya kukisia, vyote vikabaki. Ukichungulia masanduku haya huoni mali ya msafiri. Kila kitu humo kina mtu wake, na mtu huyo yuko mbali bado. Wapo wanaosema hayo ni majivuno, au ni mila inayowafilisi maskini. Hawajaelewa. Yule dada anajua kwamba kurudi kwake kutaamuliwa na wengine, naye anawaendea na ushahidi kuwa hakuwasahau.

Kisa kinachonithibitishia haya ni cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan. Aliondoka Unguja mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko Aden akabatizwa na kuolewa, akaitwa Emily. Mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto wadogo watatu. Mwaka 1885, baada ya miaka 19, akaja Unguja kwa meli ya Kijerumani. Aliyekuwa sultani wakati huo ni kaka yake, Barghash, naye akakataa kumpokea. Salme alipita katika mitaa ya mji wake, na kwa maelezo yake mwenyewe watu walimsogelea na kumsalimia kwa furaha. Lakini jamaa aliyekuwa na mamlaka ya kumrudisha hakufungua mdomo.

Simlaumu Barghash kwa wepesi. Dada yake alikuwa ameacha dini, na alikuja chini ya kivuli cha mizinga ya dola iliyokuwa mwaka huohuo ikimnyang'anya bara aliyoihesabu kuwa yake. Mtu harudi mikono mitupu. Anarudi na alichokuwa huko, na aliye nyumbani hukipima hicho pia. Lakini matokeo yake ndiyo haya: Salme alikuwa na lugha, njia za mjini alizijua, bahari ni ileile, na bado hakurudi. Alijaribu tena mwaka 1888, isifae kitu. Aliishi Beirut miaka mingi, akafia Jena mwaka 1924.

Zamani za majahazi, bahari yetu ilikuwa imeliwekea jambo hili utaratibu. Vyombo vya Uarabuni na Ghuba vilishuka na kaskazi, vikangoja kusi ndipo vipande. Nahodha hakujichagulia msimu. Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alisafiri mwaka 1939 na jahazi la Kuwait lililofika Unguja, likaingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha likarudi nazo Ghuba, ambako boriti ndizo zilizobeba dari za nyumba. Kwao hakuna aliyejua siku ya chombo kufika, ila majira kila mtu aliyajua. Wakati mabaharia wanapandisha tanga Rufiji, huko nyumbani nako watu walikuwa wameanza kujiandaa: madeni yanakumbukwa, posa zinasubirishwa, chumba kinafagiliwa. Urefu wa safari ulikuwa na manufaa yake, nao haukuwa wa baharia tu. Uliwapa nafasi wale waliobaki.

Siku hizi Muscat hadi Dar es Salaam ni usiku mmoja, na picha zote zimeshatangulia kwa simu. Nasikia watu wakilalamika kwamba simu imeua kurudi. Sikubali. Simu imechukua habari, lakini nafasi ya mtu ndani ya nyumba haipitii kwenye simu. Mtu akiondoka, nyumba haibaki na shimo likimngoja. Chumba chake kimepangishwa, na mdogo wake sasa ndiye anayeulizwa kuhusu mahari. Hakuna aliyekosea hapo, maisha yalipaswa kuendelea. Ndiyo maana kupokea kuna gharama: ili anayerudi akae, lazima mtu fulani asogee.

Na asiye na wa kumpokea je? Wazazi wamekufa, nyumba imeuzwa. Serikali itamgongea muhuri bila kuuliza anangojwa na nani, na ni haki kabisa iwe hivyo, kwa sababu sheria inapaswa kumfungulia hata yule ambaye ndugu wamemfungia. Lakini haki ya kuingia nchini haimpi mtu nyumba ya kuingia. Huyo naye atahitaji mtu, japo muuza duka la pembeni atakayemkazia macho na kuuliza, wewe si mtoto wa fulani?

Kupokea kugumu kuliko kote ni kwa mtoto mdogo. Mama aliondoka akiwa amemwachisha ziwa tu. Anarudi baada ya mkataba, mtoto anashikilia khanga ya bibi yake aliyemlea. Watu wazima wanamsukuma: "Mwamkie mama yako! Nenda kwa mama!" Mtoto analia, mama anacheka kwa aibu. Wamwache. Wanadhani kurudi ni tangazo, likishatolewa limekwisha, na pale uwanjani mtoto ndiye pekee asiyejifanya: huyu mama hamjui. Aliyestahimili miaka ya jikoni kwa watu anaweza kustahimili wiki chache zaidi, akae karibu bila kudai. Bibi ndiye mwenye zamu sasa, na ya kwake ni nzito, kwa sababu yeye ndiye wa kusogea. Asubuhi moja itabidi amwambie mjukuu, leo utaogeshwa na mama yako, kisha aende sokoni kweli, asibanze nyuma ya mlango akisikiliza.