Eti Ni Kuku Tu?



Kule Oklahoma, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2002 kuharamisha mapigano ya majogoo. Adhabu inafika hadi kifungo cha miaka 10. Mwaka 2023 wabunge wa jimbo hilo wakajadili muswada wa kuipunguza. Upande mmoja: miaka yote hiyo kwa ajili ya kuku? Upande mwingine: sheria yenyewe haisimamiwi vizuri, mkiilegeza itabaki karatasi tu.

Mimi najiuliza, kosa liko wapi hasa? Kuku tunachinja na kula, tena Pasaka ndiyo usiseme. Katekisimu (2417) inaruhusu wanyama kuwa chakula. Lakini namba 2418 inafundisha kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Ya binadamu, siyo ya kuku!

Anayechinja anataka kitoweo, ndiyo maana ananoa kisu ili mnyama asiteseke. Anayemfunga jogoo kisu mguuni ili watu waweke dau anautaka uchungu wenyewe. Bila huo hakuna mchezo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alionya kuwa anayezoea ukatili kwa wanyama ataufikisha kwa watu.

Thoma huyohuyo alifundisha kwamba sheria ya wanadamu haikatazi kila uovu, bali ule mzito zaidi. Kwa hiyo kubishania ukubwa wa adhabu si dhambi. Ila sheria ni mwalimu. Adhabu ndogo inayotekelezwa inafundisha. Kubwa isiyotekelezwa nayo inafundisha: kwamba hakuna anayejali.

Mwaka 2014 sheria ya shirikisho ya Marekani ilimgusa hata mtazamaji. Kuhudhuria tu mapigano hayo ni kosa, na kumpeleka mtoto wa chini ya miaka 16 ni kosa zito zaidi. Naona hekima hapo, maana bila watazamaji ulingo unafungwa.

Na sisi je? Video ya mwizi anapigwa, ya wadada wanachaniana nguo, unaangalia mpaka mwisho, unacheka, unairusha kwenye grupu. Hujampiga mtu, sawa. Lakini umekaa kwenye viti vya ulingo, na huku hakuna polisi wala mbunge atakayekufuata. Ni wewe na dhamiri yako.

Wiki hii ikija video ya namna hiyo, iishie kwako. Kisha msalie Salamu Maria moja yule anayeumizwa.

Ee Bwana, yalinde macho yetu. Amina.