Shahidi Asiyeapishwa

Wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamejadili kwa karne nyingi neno la nani liaminiwe, na kwa sababu gani. Siku hizi swali hilo hukatwa kwa maneno mawili: mfumo umesema. Nashikilia kwamba jibu hilo ni dhuluma, na kesi ya Shirika la Posta la Uingereza yatosha kuwa ushahidi. Kuanzia 1999 mawakala wa posta huko walitakiwa kufunga hesabu zao katika mfumo wa Horizon wa kampuni ya Fujitsu. Ukionyesha upungufu, wakala alipe. Kufikia 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wameshtakiwa kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu. Seema Misra alifungwa mwaka 2010 akiwa mjamzito. Jo Hamilton alipiga simu kuomba msaada juu ya upungufu wa pauni 2,000 hivi. Akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukawa mara mbili mbele ya macho yake.

David Hume aliandika mwaka 1748 kwamba mtu akisimuliwa muujiza apime lipi ni gumu zaidi kutokea: muujiza wenyewe, au msimulizi kukosea. Kipimo hicho kingewaokoa mawakala. Upande mmoja kuna mamia ya watu waliokuwa wakiaminiwa vijijini mwao, wanaogeuka wezi ghafla baada ya mashine kusimikwa. Upande wa pili kuna programu kubwa na mpya yenye kasoro. Hili la pili hutokea kila siku, na kila aliyewahi kuandika programu analijua. Lakini mahakama za Uingereza zilikuwa zikichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mshtakiwa alete ushahidi wa kinyume, naye wakala hakuwa na njia ya kuchungulia ndani ya mfumo.

Hebu tutazame kilichokuwa ndani. Mwaka 2015, huko Dalmellington, Scotland, mtumishi alikuwa akiingiza pauni 8,000. Skrini ikaganda, akabonyeza tena na tena, na kila mbonyezo ukahesabiwa kuwa fedha mpya, hata ikaonekana tofauti ya pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo. Kuna mtu aliyeandika amri iliyoruhusu hilo. Tarakimu iliyosomwa mahakamani kama sauti ya mashine ilikuwa kauli ya watu wasioonekana, na hakuna aliyewaapisha wala kuwahoji.

Sheria za dini zilikuwa na hadhari kubwa zaidi. Taurati haimtii mtu hatiani kwa shahidi mmoja. Aya ya deni katika Surat al-Baqara inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu, na anayedaiwa ndiye amwambie la kuandika. Nakiri kwamba sharti hili la mwisho ndilo linalonigusa kuliko yote: deni lisiandikwe juu ya mtu bila yeye kujua limeandikwaje. Wafanyakazi wa Fujitsu waliweza kuingia katika hesabu za wakala kutoka mbali, naye asijue.

Wapo watakaosema kompyuta hukosea mara chache kuliko binadamu. Kweli, lakini mfumo unaopitisha mamilioni ya miamala hauhitaji kukosea mara nyingi ili uwaangamize mamia. Wengine watauliza kama kila faini ya kamera ya barabarani kwa mwendo wa kasi sasa iitiwe mhandisi kizimbani. Sivyo, mzigo wa uthibitisho ulingane na ukubwa wa adhabu, na kifungo si faini. Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wataalamu wenyewe: programu ni kazi ya watu wengi, hakuna anayeijua yote, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Nakubali. Lakini asiyejua yote bado anadaiwa kusema lile analolijua. Fujitsu ilikuwa na kumbukumbu za hitilafu zilizokwisha kugunduliwa, na Alan Bates na mawakala wenzake, 555 kwa jumla, iliwabidi kupigana mahakamani ili wazione. Mwaka 2019 jaji aliamua kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuzua upungufu huo. Bunge lilifuta hukumu za mawakala kwa wingi mwaka 2024, lakini dhana ya kuiamini kompyuta ilibaki katika sheria. Kabla ya karatasi ya mfumo kupokelewa dhidi ya mtu yeyote, mwendesha mashtaka aiambatanishe na kumbukumbu za hitilafu zake, na aliyezitunza asimame azisome.