Mlango wa Mkahawa

Mwenye mkahawa huuza nini? Jibu jepesi ni chakula. Lakini mtu mwenye njaa tu hana haja ya kutoka kwake. Jiko la nyumbani humtosha, au mtoto hutumwa kununua chapati akarudi nazo zikiwa moto. Anayevaa nguo njema jioni akaenda kuketi mkahawani hununua zaidi ya wali na samaki. Hununua kukaa miongoni mwa watu, kuona na kuonekana, kusikia mazungumzo asiyoyaanzisha yeye, na kupokewa kama mgeni ambaye kuja kwake kulitazamiwa. Ikiwa ndivyo, mtu wa kiti cha magurudumu anayeletewa sahani yake nje, kando ya mtaro, kwa sababu mlangoni pana ngazi tatu, ameuziwa bidhaa nyingine kwa bei ile ile. Amepunjwa, ingawa wali haukupungua hata punje moja.

Swali langu basi ni hili: je, nafasi ya mtu mwenye ulemavu katika meza ya hadhara ni fadhila, au ni haki yake?

Lugha yetu yenyewe imekuwa ikisitasita juu ya jambo hili. Wazee walisema kilema, kipofu, kiziwi, kiwete, maneno yaliyopangwa kwa umbo katika safu moja na kiti na kijiko, hata kama kitenzi chake kilikuwa cha watu. Siku hizi twasema mlemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Wako wanaodhani kuwa mabadiliko haya ni adabu ya midomo tu. Mimi naona yana faida, walakini faida yake hukoma pale ambapo mtu aliyepewa jina jema hukuta mlango ule ule mwembamba.

Mwaka wa 1980 mahakama moja ya mjini Frankfurt, Ujerumani, ililetewa swali hili kwa sura ya ajabu. Mwanamke mmoja alikuwa amekwenda likizo Ugiriki, na katika hoteli aliyofikia palikuwa na kundi la watu wenye ulemavu. Aliporudi kwao alidai kwamba kuwaona watu wale, hasa wakati wa kula, kuliiharibu likizo yake, na kwamba arudishiwe fedha. Mahakama ikamkubalia. Mwezi wa Mei mwaka ule ule maelfu ya watu, wenye ulemavu na wasio nao, waliandamana Frankfurt kuilaani hukumu ile. Hata hivyo, mwaka wa 1992 mahakama ya Flensburg, katika nchi ile ile, ilitoa hukumu ya namna hiyo hiyo juu ya chumba cha kulia cha hoteli nyingine. Ni mwaka wa 1994 ndipo katiba ya Ujerumani ilipotiwa maneno ya kukataza mtu asidhulumiwe kwa sababu ya ulemavu wake. Wala Wajerumani hawakuwa peke yao. Katika mji wa Chicago, Marekani, amri ya mwaka wa 1881 ilimkataza mtu mwenye kilema cha kuchukiza macho asijionyeshe hadharani, na amri hiyo haikufutwa mpaka mwaka wa 1974.

Tusimcheke hakimu upesi. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya duka: msafiri amelipia furaha, furaha imepungua, basi bei ipungue. Kosa limo katika kipimo. Anayenunua nafasi katika chumba cha watu hanunui uchaguzi wa watu. Jirani akitafuna kwa sauti, akila kwa mkono unaotetemeka, au akilishwa na nduguye, mimi ninayeudhika ninayo ruhusa ya kukigeuza kiti changu. Sina deni la kumdai mtu yeyote. Huko kuudhika ni mali yangu mwenyewe, na gharama yake ni yangu.

Huku kwetu sijasikia hukumu ya namna ile, na twaweza kujivuna kwamba moyo wetu ni mwema zaidi. Vijana wanne wa mtaani humwona mtu wa kiti cha magurudumu amekwama mlangoni, mara wakamnyanyua yeye na kiti chake, wakampitisha juu ya kizingiti huku wakicheka. Ni tendo zuri, na anayelidharau ni mtu mgumu. Lakini mtazame aliyebebwa. Hana budi kusema ahsante kabla hajanusa pilau, na kusema ahsante tena wakati wa kutoka, na kesho vile vile, maisha yake yote. Wengine hulipa chakula tu. Yeye hulipa chakula na shukrani. Tena hawezi kuondoka atakapo, maana vijana huenda wamekwisha kwenda zao. Kwa hiyo wema uliotendeka hapo haukuwa bure. Umetozwa kwa yule asiyeweza kuukataa.

Mwenye mkahawa husema: gharama ni kubwa, na watu hao hawaji kwangu. Hili la pili ni hoja ya kuchekesha kidogo, kwani atahesabuje wageni ambao ngazi yake imewarudisha? La kwanza lastahili jibu la haki. Ngazi haikuota kama uyoga. Fundi aliijenga ili maji ya mvua yasiingie, na ili wenye miguu wapande. Nayo ni msaada. Binadamu mwenye miguu hawezi kuruka mpaka ghorofani, akajengewa ngazi, na hakuna aliyeiita sadaka. Mkahawa huweka viti arobaini kwa ajili ya watu wa miguu, bila kulalamika juu ya gharama. Mtu wa kiti cha magurudumu huja na kiti chake.

Kanuni zilizofuata sheria ya Marekani ya mwaka wa 1990 hutaka mteremko usizidi kipimo kimoja cha kupanda kwa kumi na viwili vya kwenda. Kwa kizingiti cha sentimita 15 hiyo ni sentimita 180 tu, yaani kazi ya fundi wa mbao. Mlango hutakiwa uachie nafasi ya sentimita 81 hivi, na chini ya meza magoti yapate sentimita 68. Tanzania nayo ilipata sheria yake ya watu wenye ulemavu mwaka wa 2010, na Kenya ilikuwa imetangulia mwaka wa 2003. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mara nyingi mama lishe mwenye meza chini ya mwembe, asiyejua sheria yoyote, ameitimiza kuliko hoteli ya marumaru. Udongo wake hauna ngazi.

Pana jambo ambalo watu huona haya kulitaja, nalo ni choo. Mtu aliyeingizwa kwa mteremko mzuri, kisha choo kikawa juu ghorofani, hula bila kunywa. Huikataa chai, huikataa maji ya ukwaju, akisingizia kwamba hana kiu. Wenzake hudhani ni mtu wa kiasi.

Na mtumishi naye ana sehemu yake. Hufika mezani, akampita mtu asiyeona kwa macho, akamwuliza aliyefuatana naye: “Yeye atakula nini?” Kumbe kinywa cha kuagiza ndicho kile kile cha kulia! Orodha ya vyakula na isomwe kwa sauti, pamoja na bei zake. Nchi nyingine hutumia uso wa saa kumweleza asiyeona vilipo vyakula katika sahani, lakini kwetu pana mtego: penye tarakimu ya tatu Mswahili husoma saa tisa, na mboga yaweza kutafutwa upande wa samaki. Afadhali kusema kulia, kushoto, karibu nawe.

Mila zetu pia zataka kutazamwa. Sinia juu ya mkeka ni undugu kwa mwenye magoti yanayokunjika. Kwa mwingine ni mbali kama darini. Twafundishwa kula kwa mkono wa kuume, na ni adabu njema, ila mzee aliyepooza upande huo hula kwa kushoto, huku watoto wakimtazama mpaka tonge linamkwama. Mama mwenye busara huwashughulisha watoto wale kwa jambo lingine.

Zimesalia nyumba za kale, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye milango ya nakshi na vizingiti vya mti vya kurukwa, ambazo nyingine sasa ni mikahawa. Sisemi kizingiti kile kikatwe kwa msumeno. Ubao wa mteremko unaotandikwa asubuhi na kuondolewa usiku haudhuru nakshi hata moja, na mchana kutwa waweza kukaa hapo barazani, mahali pa kuonekana, asiwepo wa kuuomba.