Sauti Tano na Haki ya Sikio

Je, aliyehifadhi njia zote za mji ndiye anayeujua mji? Swali hili huwakabili washairi kila wanapozungumza juu ya arudhi. Linaweza kuulizwa pia mbele ya gitaa.

Kijana wa Makole, jijini Dodoma, anayejifunza chombo hicho, aghalabu huanzia kwenye ngazi ya sauti tano. Ikianzia A, ngazi hiyo ina A, C, D, E na G. Shingoni mwa gitaa, kati ya vile vyuma vya kukingama viitwavyo freti, sauti hizo hujipanga katika maumbo matano yanayoshikana mikono mpaka freti ya 12, ambapo uzi hukatwa nusu na kila kitu huanza upya. Umbo la kwanza hulishika upesi, kisha hukaa humo miezi kama mpangaji aliyezoea chumba kimoja cha nyumba kubwa. Hata akiyahifadhi yote matano, huenda akawa amepanda na kushuka ngazi tu. Vidole vimejua, sikio bado.

Mshairi analifahamu hilo. Mtu huweza kuhesabu mizani minane kwa minane pasipo kosa, vina vikalingana, na ubeti usiseme neno. Dawa ni moja: mwimbaji aitangulize sauti moyoni, kidole kiifuate. Mwanafunzi aimbe kwanza, ndipo apige. Wimbo mmoja autafute katika umbo la pili, kisha la tatu, mpaka shingo nzima iwe makazi yake.

Lakini liko jambo zito zaidi. Ugogo ulikuwa na sauti zake tano kabla ya gitaa kufika. Uzi ukitetemeka, juu ya sauti ya msingi husikika nyingine, za mitetemo mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Watafiti wa muziki wameonyesha kwamba Wagogo huchota sauti za uimbaji wao humo, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Kwa kuwa ya nane ni ileile ya nne iliyopandishwa, hubaki tano. Tano hizi si zile za gitaa. Ile ya saba huangukia kati ya freti mbili, chini ya iliyo karibu kwa takriban sehemu 31 katika 100 za hatua ya freti moja.

Hapo ndipo dhuluma huweza kuzaliwa. Kijana aliyezoeza sikio lake kwa freti humsikia bibi yake akiimba, akadhani bibi amekosea. Kipimo alichokinunua juzi kimekuwa hakimu wa koo iliyomlea.

Je, freti ni mwongo? La. Freti ni mapatano. Hatua zote 12 zimelinganishwa ili wimbo uanzie popote bila kuharibika, na kwa ajili ya faida hiyo usafi wa sauti nyingi umepunguzwa kidogo. Mapatano ni jambo la heshima, madhali hayajifanyi kuwa ukweli wote. Wapigaji udi wa taarabu wanalijua hili kwa vidole: shingo ya udi haina freti, na sauti zinazokaa kati ya freti mbili za gitaa huzipata kwa sikio.

Hata gitaa halijafungwa kabisa. Uzi ukivutwa kwa kidole, sauti hupanda. Basi anayeitafuta sauti ya bibi avute kutoka freti inayotangulia, apande polepole, asimame pale sikio linaporidhika. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka ulimwenguni muziki wa zeze na ilimba, na katika albamu ya Assembly ya mwaka 2002 alikaa pamoja na mpiga gitaa Michael Brook. Kukaa pamoja hakukumlazimu kuiacha sauti ya kwao.

Kanuni, basi, ifunzwe yote, wala isipuuzwe. Asiyeijua hawezi kuona inapoishia. Ila ijulikane kuwa ni kanuni. Wahenga wa pwani walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpiga gitaa atatembea shingo nzima, juu na chini, na bado atarejea kwenye sauti ya msingi. Kwa kijana wa Makole, msingi huo hauko kwenye freti yoyote. Uko kwenye koo ya bibi yake.