Kitambaa cha Kochi na Wema wa Asili

Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la kitambaa cha kochi, uuchome. Ukiwa wa pamba, utawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Ukiwa wa poliesta, utayeyuka, na ukipoa utaacha tone gumu. Wengi huiona hapo hukumu iliyokwisha kutolewa: pamba imeumbwa na Mungu, kwa hiyo ni njema, nyuzi za poliesta zilibuniwa na watu, Uingereza, mwaka 1941, kwa hiyo zina kasoro. Naamini hukumu hiyo haikutazama panapostahili. Wema wa kitambaa haumo katika asili yake, umo katika namna tunavyokipata, tunavyokitumia na tunavyokiacha.

Tuanze na hoja ya uumbaji. Poliesta hutokana na mafuta ya petroli, nayo ni mabaki ya viumbe vidogo vya majini vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Yametoka ardhini kama ulivyotoka mche wa pamba. Pamba nayo haiwi kitambaa bila mkono wa mtu: usione vyaelea, vimeundwa. Kuanzia miaka ya 1960, maji ya mito Amu Darya na Syr Darya, Asia ya Kati, yalielekezwa zaidi na zaidi kwenye mashamba, hasa ya pamba, na Bahari ya Aral ikakauka karibu yote. Mvuvi aliyebaki na jangwa la chumvi hawezi kuliwazwa kwa kuambiwa kwamba kilichomnyang'anya bahari ni zao la asili.

Mtu atauliza: basi vyote ni sawa? Hapana. Vitu tunavyotumia ni amana, na amana ina vipimo. Pamba hunyonya jasho la mgongo wakati wa joto, lakini hupauka juani na kuchakaa mapema. Poliesta huvumilia jua na msuguano, na uimara huohuo ndio mtihani wake: ikitupwa haiozi upesi, na kila ikifuliwa huachia vinyuzi vinavyofika hadi baharini. Anayeinunua ana deni la kuitumia mpaka iishe. Anayenunua pamba anadaiwa maji na jasho la mkulima, wala hana ruhusa ya kuitupa kwa kuwa rangi yake imechosha macho.

Kwa hiyo usivue kitambaa kizima cha poliesta ukanunue cha pamba, kisha ujione umetenda wema. Kikichanika, kishone. Siku kitakapokwisha kweli, chagua pamba ikiwa utaitunza. Israfu ni israfu, iwe ya pamba au ya poliesta.